Kisanduku Kitupu Mahali pa Mama

Alhamisi, usiku

Na bado anacheka. Trésor, mwenye kibanda cha kuchapisha hapa Kampemba, aliniahidi karatasi za kubandika kifuani siku ya kumaliza matanga ya Mama, picha yake katikati. Juzi nilimwona Mama vizuri kabisa kwenye mashine. Leo karatasi zimetoka na kisanduku cheupe, ndani yake alama nyekundu ya X.

"Nilitia version mupya ya programu ya kuandikia, papa. Photo iko mule ndani, njo kuonekana tu inakatala."

"Rudisha ya zamani."

"Ile ilikufa. Bantu ba kwenu si banajua sura yake?"

Lori la kwenda kwetu Mitwaba lilikuwa limeshawasha injini. Nikazituma hivyo hivyo. Dada zangu watabandika kisanduku kitupu vifuani, na mimi siko huko hata kueleza. Naogopa watasema nimemsahau.

Mgongo unauma, usingizi hauji.

Jumatatu narudi kazini: mimi ndiye mwashi anayejenga nyumba ya Trésor. Pale anapotaka dirisha la sebuleni, nitapanga matofali mpaka juu. Atanifukuza, na anifukuze. Lakini kwanza nitamwambia: dirisha iko mule ndani, kijana, njo kuonekana tu inakatala.