Kisu cha Mkono wa Kushoto

Mke wangu mpenzi, Mama Zuhura,

Mwenyezi Mungu akupe nuru huko uliko. Nakuandikia nimekaa uani kwetu Nguvumali, masizi yangali kuchani, na najua ungekuwapo ungenikataza kugusa karatasi kabla sijanawa tena. Nina shukrani kifuani, wala simwoni wa kumpelekea ila wewe.

Wakumbuka tulipokwenda Mkwaja, kwenye hitima ya binamu yangu? Nilikuwa nimeshastaafu umakanika, mikono yaniwasha kwa kukosa kazi. Baada ya chakula ukanitafuta, ukanikuta kwa mhunzi wa pale kijijini, kanzu nimeikunja kiunoni, nagonga chuma chekundu. "Baba Zuhura! Mzee mzima wachezea moto na kanzu ya watu?" Kanzu yenyewe ya kuazima, na cheche zilikwishaitoboa mkononi. Lakini hukunikataza. Tuliporudi ukanipa kona ya uani ulipokuwa ukianikia nazi. Nikajenga tanuri dogo la makaa, nikapata kipande cha reli kuukuu cha kufulia chuma, na springi chakavu za malori zikaanza kuwa visu.

Sikuwa nikiuza. Ilikuwa raha yangu tu, na wewe ndiye uliyekuwa ukiipima. Kisu cha kwanza ulikijaribu kwa nyanya. Ikapondeka, maji yakakurukia kangani. "Hiki si kisu, hii nyundo," ulisema, ukacheka mpaka ukakaa chini. Hukunisifu bure hata mara moja. Ndiyo maana siku uliyompasua samaki changu kutoka kichwani hadi mkiani bila kusema neno, kisha ukakificha kisu kabatini wageni wasikione, nilitembea barazani kama mtu aliyepewa uwaziri.

Halafu kikaja kiharusi. Ulianguka ukienda kutia udhu, na upande wa kulia haukurudi tena. Ulimi ulikubakia, alhamdulillahi, lakini mkono ulilala mapajani kama si wako. Binti yetu Zuhura akaja kutoka Dar es Salaam, akashika jiko. Alipika vizuri, nawe ukawa unaonja kidogo na kusukuma sahani. Majirani walisema ni ugonjwa. Mimi uliniambia kweli: "Nimekuwa mgeni nyumbani mwangu, Baba Zuhura. Naletewa, naondolewa." Kisha ukanikazia macho. "Visu vya kuwatunza watu harusini wafua kila siku. Changu mimi ki wapi?"

Nikakufulia kisu chepesi, cha kushikwa kwa kushoto. Ulikitazama tu. Nikadhani hakikukupendeza, kumbe lilikuwa jambo jingine. "Mkono wa kushoto kwenye chakula cha watu?" ulisema kwa sauti ndogo. "Watasemaje?"

"Huo ndio mkono Mungu aliokuachia," nikakujibu. "Atakayeona kinyaa na akale kwao."

Uligeukia ukutani. Sikujua kama nimekuliwaza au nimekuumiza. Uliponigeukia tena ulikuwa umeshalivuka lile, umeingia kwenye kazi: "Haya. Na kitunguu atakishika nani?"

Nikaanza upya. Safari hii niliutazama mkono wako kwanza. Nguvu ya kukandamiza ulikuwa nayo, ya kuvuta ndiyo ilikuwa haba. Basi nikafua bapa lenye makali ya mviringo kama nusu ya sahani, mpini nikauweka juu, ili ukandamize na kuyumbisha. Kwenye ubao wa kukatia nikapigilia misumari miwili, ncha zitokeze juu, zikidake kitunguu kisikimbie. Nilipokichovya kisu kingali chekundu kwenye mafuta ili chuma kikomae, kikalia, kikapasuka. Nilitupa koleo, nikakaa chini. Wewe ulikuwa kwenye kiti chako mlangoni. "Fua kingine," ukasema. "Mimi nipo."

Nikafua kingine.

Siku ulipokitumia, Zuhura alisimama nyuma yako, hamu ya kusaidia imemjaa. Aliponyoosha mkono kuchukua kitunguu ukampiga kikofi kidogo. "Kaa, mwanangu. Mgeni husubiri." Tulikula alasiri ikiadhiniwa. Vitunguu vilikuwa vinene kwa vyembamba, tui limekatika kwenye mchuzi, nawe ukamaliza sahani nzima, ukaomba ukoko. Baada ya siku chache Zuhura akarudi kwa wanawe, moyo umemtulia.

Ulipika mpaka mwezi ule ulipoitwa. Tukakupeleka kwenu Moa, ukalala karibu na wazazi wako. Mimi nikalifunika tanuri kwa bati. Nilikuwa nikipita uani nalitazama kando, kama mtu anayemkwepa jamaa aliyekosana naye.

Juzi akabisha hodi Bi Rukia, wa nyumba ya pili. Naye kiharusi kimemshika kulekule kuliani. "Shemeji," akasema, "nasikia ulimfulia marehemu kisu cha mkono mmoja." Nikamkaribisha kiti, nikamwomba anioneshe kiganja cha kushoto, akifumbe na kukifumbua. Mkono wake ni mdogo kuliko wako, na kidole gumba hakina nguvu. Kisha nikaenda kuondoa bati. Moto ulipokolea nikajikuta nasema nawe kwa sauti: mpini huu si mnene? Kutazama mkono wa mtu kabla ya kutazama chuma, hilo mhunzi wa Mkwaja hakunifundisha. Ulinifundisha wewe, kwa kukataa kukaa kitini ukiletewa. Ahsante, mke wangu. Raha ya mzee mstaafu uliipa maana.

Leo Bi Rukia alikuja mwenyewe, bakuli kalibana kifuani kwa mkono wa kushoto. Mchuzi wa bamia, kazikata mwenyewe kwa kile kisu nilichomfulia. Nimekula nikamaliza, nikaosha bakuli. Lakini kwetu bakuli halirudi tupu, na mimi kupika sijui. Nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye ule mche uliouotesha mwaka wako wa mwisho huku ukisema atakayejaliwa atachuma. Mndimu wako umezaa, Mama Zuhura, matawi yameinama. Nimelijaza bakuli ndimu mpaka zinadondoka.

Ijumaa nakuja Moa kukusomea Yasini. Pumzika kwa amani.

Mimi mumeo,
Baba Zuhura