Mtani Aliyekula Chungwa la Kaka

Jumamosi. Mvua imekatika mchana huu, joto limegoma kuondoka. Nimekaa kwenye benchi la wodi ya wanaume, naandika kwa simu, maana kuongea mbele za watu kunanishinda.

Kaka yangu Hamisi kavunjika paja. Alikuwa anatoka Nanyamba kwa bodaboda, kampakia rafiki yake Salumu, wakagongana na lori. Salumu alifia palepale. Tangu hapo kaka haongei. Akisinzia kidogo anashtuka na kupiga kelele, kisha anakaa macho, anatazama dari.

Mguu unapona. Yeye ndiye anayepotea, na mimi naona.

Shuleni ningeieleza hali hii kwa Kiingereza, ukurasa mzima, mwalimu akaniwekea vema. Kwa mama nilikosa neno. Nikamwambia kaka ameumia moyoni. Mama akaenda kumwomba daktari ampime moyo.

Juzi muuguzi alimleta Bwana Saidi, mtu wa ushauri nasaha, mnene, mpole. Kosa likawa kwenye kumtambulisha: "Huyu ni daktari wa akili."

Kaka akageuzia uso ukutani. Mama akasimama.

"Mwanangu kavunjika paja, baba. Hajarukwa na akili."

Vitanda vya jirani vyote vikatukodolea macho. Nilitamani kuingia uvunguni. Na nikiri: hata mimi nilitaka yule baba aondoke, watu wasije wakasema kwetu kuna chizi.

Leo karudi. Akili hakuitaja kabisa. Kauliza tu kwetu wapi. Mama akajibu Mahurunga, sisi Wamakonde.

"Lo! Kumbe watani zangu hawa! Mimi Myao."

Hapohapo akanyoosha mkono, akachukua chungwa la kaka juu ya kabati, akaanza kulimenya. Hakuomba. Mtani haombi. Akala pande la kwanza, akala la pili, anatafuna kwa raha zake.

"Myao, rudisha chungwa langu."

Kaka!

Sauti imekwaruza, lakini ni yake.

"Mmakonde huyu, mguu umening'inizwa juu na bado mchoyo!"

"Nyie Wayao saa hizi si huwa mko ngomani? Nani kakufungulia geti la hospitali?"

Wodi nzima ikacheka. Kaka naye akacheka, akacheka mpaka mabega yakaanza kutikisika vibaya, na nikaona si kicheko tena.

"Salumu alikuwa Myao," akasema. "Siku ile alikuwa ananitania. Niligeuka kumjibu."

Kumbe ndicho alichokuwa amekibeba peke yake siku zote hizi.

Mama akaanza kumwambia nyamaza, mwanaume halii. Bwana Saidi akamwomba taratibu amwache. Akaweka chungwa chini, akasogeza kiti karibu. Hakumwambia kaka si kosa lako. Hakumwambia jikaze. Alimuuliza Salumu alikuwa mtu wa namna gani, na kaka akaeleza, huku kamasi zinamtoka: alivyoimba vibaya, alivyomaliza mihogo ya watu, alivyokuwa anamwita yeye kaka shemeji kila dada yetu alipopita. Mimi pia aliniita hivyo. Nililia bila kujificha.

Pale koridoni Bwana Saidi alitwambia haya si ya siku moja. Atakuja tena, na siku nyingine kaka anaweza kumnunia kabisa, tusikate tamaa. Halafu akanigeukia, akaniuliza na mimi nalalaje. Nikasema vizuri tu. Si kweli. Pikipiki ikipita nje ya nyumba naamka. Akija tena nitamwambia, hata kama itabidi nimwandikie kwenye simu asome.

Sasa hivi kaka amelala, mdomo wazi, anakoroma. Hajashtuka. Mama kafungua chupa ya uji, anataka kumwamsha anywe ungali wa moto.

Nimemshika mkono. Mama, uji tutaupasha.