Bateri ya Mama Mukarusanga

Bujumbura, tarehe 3 Machi 2025

Ndugu yangu Gratien,

Nakusalimu sana, weye na Apollinarie na watoto. Mumeamkaje? Minye niko muzima wa mwili. Watu wa kanisa letu wamenipa pa kulala hapa Buja, na chakula hakikosekani. Lakini roho imebaki kwako, kwenye chumba cha nyuma, pamoja na mama.

Siku ile sikupata nafasi ya kukushukuru. Vijana wenye silaha walikuwa wamefika kwenye kona, wanaulizia nyumba za "wale wa milimani", yaani sisi, na mama hakuweza kukimbia na pumu yake. Ukaniambia, "Enda weye, mama abaki kwangu. Minye si wa milimani, kwangu hawatatafuta." Nikaruka ukuta kama mwizi.

Sasa unisikilize. Ile pompe yake ya mkononi, ya kupulizia dawa kinywani, ilikuwa imekaribia kuisha. Uhai wake ni ile mashine ndogo inayogeuza dawa kuwa moshi wa kuvuta. Avute asubuhi, avute na jioni. Inakula moto mwingi wa bateri. Plake zetu za sola za kuuza zimeporwa zote, imebaki ile moja niliyokufungia juu ya nyumba yako. Uichunge.

Usinipigie simu. Kwenye barrière, vile vizuizi vya barabarani, wanafungua simu ya kila muntu. Mama Hyacinthe, yule muuza samaki wa ndagala, anavuka mpaka kila wiki, na barua ataificha ndani ya unga. Ukiisha kusoma, choma.

Ndugu yako,
Ezechiel


Mulongwe, tarehe 12 Machi

Ezechiel, mwana wa mama yetu,

Amani iwe nawe. Huku tumeamka, na mama ameamka. Najua hilo ndilo ulilotaka kulisoma kwanza.

Mvua imeukalia mji. Mawingu yanashuka kutoka milimani yanalala juu ya ziwa, hata bandari ya Kalundu hatuioni. Umeme wa mjini haujarudi. Plake inapata mwanga wa kijivu tu, na taa ya bateri imeanza kuwa nyekundu mapema. Minye ni fundi wa kuchomea vyuma, wa waya ulikuwa weye. Kila siku napanda juu ya mabati, naiinamisha zaidi upande wa jua, lakini jua lenyewe silioni.

Mashine inanguruma sana, kwa hiyo mama akivuta dawa, Apollinarie anatwanga sombe, yale majani ya mihogo, mlangoni ili majirani wasisikie. Tumekula sombe mpaka watoto wanalia wakiiona. Mama mwenyewe amecheka, akasema pumu yake italimaliza shamba la mihogo.

Shida ni simu. Mtaa mzima plake ni yetu tu, na zamani nilikuwa nachaji simu za majirani bila neno. Sasa nikikataa wanashangaa. Juzi alikuja Rémy, mtoto wa seremala, ambaye sasa ndiye mukubwa wa vijana wa mtaa. Akasimama uani anatazama juu.

"Yaya Gratien, kaka yangu, plake iko pale, sivyo?"

"Iko, lakini hakuna jua."

"Taa hamuwashi. Redio hamufungui. Moto unaliwa na nani?"

Nikamwambia bateri imezeeka. Alitazama mlango wa nyuma, kisha akaenda.

Mama alisikia yote. Aliniambia, "Mwanangu, chaji simu zao. Ukiwanyima watakuja kutafuta." Nikamwambia hapana. Tangu siku hiyo nachaji simu moja au mbili, na yeye anavuta dawa asubuhi tu.

Ndugu yako,
Gratien


Bujumbura, tarehe 17 Machi

Ndugu Gratien,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani. Nimeisoma barua yako. Asubuhi tu? Gratien, hiyo haimtoshi. Unamjua, hawezi kulalamika.

Usiinamishe plake! Wakati wa mawingu mwanga unatoka mbingu nzima. Ilaze iangalie juu, na uipanguse kila asubuhi. Mashine uiwashe saa sita, mawingu yanapokuwa meupe, na konvertisa, kile kisanduku cha kugeuza umeme, uizime mara moja, maana hata bila kazi inakula moto.

Na simu uache. Nakuomba kama ndugu wa tumbo moja, hata moja usichomeke. Mwambie Rémy bateri imekufa. Mama yangu anapumua kwa bateri hiyo.

Ezechiel wako


Mulongwe, tarehe 9 Aprili

Ndugu yangu Ezechiel,

Leo sikuulizi kwanza habari za afya. Kaa chini, na kama kuna muntu karibu, umwite akae nawe.

Mama ametuacha. Ni wiki ya pili sasa. Mpaka ulifungwa na Mama Hyacinthe hakuweza kuvuka. Barua yako ya tarehe 17 nimeipokea leo. Nilikuwa nimeiinamisha plake, Ezechiel. Sikujua.

Siku hiyo ilinyesha tangu alfajiri. Rémy akaja na vijana wanne, na simu zao, na redio ya kuongelea. Wakasema wanazitaka kabla ya kwenda kwenye barrière. Nikageuka nitafute uongo wa kuwaambia. Mama alikuwa nyuma ya pazia. Akaniinamishia kichwa mara mbili, kwamba chomeka.

Nikachomeka. Nilidhani wataenda na kurudi, lakini mvua ilizidi na wakakaa barazani kwangu, wanaongea, wanacheka. Pumzi ya mama ikaanza kumkaba. Apollinarie alikuwa naye, anamsugua mgongo. Kikohozi kilipokuja, mama alijaza pindo la kitenge chake mdomoni kisisikike. Minye nilikuwa barazani namjibu Rémy habari za mpira.

Walipoondoka tuliwasha mashine. Ilinguruma kidogo, ikazimika. Apollinarie alimshika mpaka mwisho. Neno la mwisho alilosema ni jina lako la utoto. Sijui kuliandika.

Kumzika ndiko kulikotutisha. Mtaa mzima ulimjua kwa sura, muuza maziwa wa miaka yote. Apollinarie akamwosha peke yake, nikapigilia jeneza misumari mapema, sura yake isionekane. Tukatangaza kwamba shangazi yake Apollinarie, Nizigiyimana wa Luberizi, amekimbia vita ya bondeni na amefika kwetu akiwa wa kufa.

Ndugu yangu, walikuja wote. Wanawake walileta kuni na unga. Walimsalia rozari, yeye ambaye hakuwahi kuishika, utusamehe. Rémy alileta mbao za baba yake za kufunikia kaburi, kisha akabeba jeneza upande wa kichwa mpaka makaburini, katika matope. Alilia. Akaniambia, "Pole, yaya. Vita hii inatumalizia bamama."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkumbatia. Sikufanya hata moja.

Kwenye msalaba nimeandika Nizigiyimana. Sema neno tu, nitaubadilisha na kuandika jina lake la kweli, yatokee ya kutokea.

Ndugu yako,
Gratien


Bujumbura, tarehe 22 Aprili

Gratien, ndugu wa tumbo moja,

Upokee salamu zangu, na umpe Apollinarie mikono yangu miwili.

Usijitese juu ya plake. Hata ningekuwa minye juu ya mabati, mawingu yale yangenishinda.

Tumemwomboleza hapa kanisani kwa nyimbo zake. Watu wetu waliniuliza nani alimzika. Nikasema, watu wa Mulongwe, na kwamba walimlilia. Mzee mmoja akasema nimedanganywa, kwamba watu wale hawawezi. Sikuwasomea barua. Nimeichoma ulivyozoea kuchoma zangu, ila kwanza niliisoma mpaka nikaishika kwa kichwa.

Juu ya msalaba, nimelala siku nyingi nikifikiri. Uuache hivyo hivyo. Palilia tu majani, na watoto wako wakikuuliza, wajibu ni shangazi ya mama yao. Nikilirudisha jina lake leo, kesho watamfukua.

Ndugu yako,
Ezechiel