Filimbi ya Uwanja wa Daraja

Shija,

Nilikupoteza, rafiki yangu, wiki tisa zilizopita, Jumanne, saa nane mchana, kwa homa iliyokushika machimboni Geita ukaiita uchovu. Hilo nimeshalikubali. Wiki hii nimepoteza kitu kingine, na sijui hata nikiiteje.

Kibanda cha gemu bado kipo hapa Kahama, kuta zile zile nilizozijenga kwa uji niliowauzia wachimbaji. Vijana bado wanagombea lile gemu letu la mchanganyiko, wanamokusanyika wapiganaji wa magemu mengine yote, kila mmoja na wimbo wa kwao. Toleo jipya limetoka, kumbukumbu ya mashine imejaa, nikamwita fundi. Akafungua orodha ya nyimbo, akaniuliza nani kaugusa Uwanja wa Daraja. Nikasema hakuna. Akanionyesha: uwanja ule una nyimbo kumi na nane. Kumi na saba zimezimwa. Umeachwa mmoja, ule wa filimbi. Viwanja vingine vyote viko kama vilivyotoka dukani.

“Mama, hii haikutokea yenyewe,” akasema. “Kuna mtu alikaa akachagua.”

Vijana hucheza tu; mipangilio ya mashine ile tuliishika wawili, mimi na wewe.

Mimi nilidhani ndivyo ilivyo, kama kwenye toleo la zamani tulilojifunzia, uwanja mmoja wimbo mmoja. Na ni wewe peke yako niliyewahi kukuambia kwamba pale ngoma zinaponyamaza ikaingia filimbi, namsikia marehemu baba akirudisha ng'ombe kule Ushetu. Ulicheka. Ukasema kumbe wafugaji wa Ushetu nao wamo kwenye gemu.

Nimehesabu alama zetu za chaki ukutani. Viwanja vingine tumecheza mara tisini: wewe arobaini na sita, mimi arobaini na nne. Nguvu sawa. Daraja, mara arobaini: wewe thelathini na nne, mimi sita. Filimbi inaingia, kidole changu kinasimama juu ya pedi ya kuchezea, napigwa. Kisha wewe, taratibu: “Wabeja, Mama Kulwa.” Asante ya nini, Shija?

Unajua ninachowaza. Katika vyama vya ngoma vya Kisukuma, kwenu ni Bagalu, kwetu Bagika. Babu zetu walishindana kwa ngoma, pande mbili kwa wakati mmoja, kila upande ukivuta watazamaji wa mwenzake. Ulipenda kunikumbusha: “Anayegeuka kusikiliza ngoma ya upande wa pili ameshashindwa.” Nikawa nacheka. Nilijua ni utani.

Na siku tunakuzika nilisimama mbele ya mama yako na watu wote, nikasema hukuwahi kunifanyia hila hata mara moja. Wakaitikia. Sasa nilisema kweli, au nilidanganya mbele ya kaburi?

Halafu tena nachanganyikiwa. Zamu yangu ya kuchagua uwanja ilipofika, nani alinilazimisha kuchagua Daraja? Hakuna. Nilichagua mwenyewe, mara zote arobaini. Afadhali nipigwe, ilimradi nimsikie baba. Labda uliliona hilo. Labda ndiyo maana... Sijui. Hesabu haijawahi kunishinda mimi, lakini hii nikiijumlisha inakuja hila, nikirudia inakuja zawadi.

Pumzika, ndugu yangu. Kama huko mnaonana, msalimie baba. Nakuahidi mama yako hatasikia neno hili kwangu, na chaki zako sitazifuta, hata zile thelathini na nne. Lakini fundi anarudi Jumamosi saa nne asubuhi kusafisha mashine, na mpangilio wako utaondoka. Wazee wanasema waliotangulia hujibu ndotoni. Basi njoo, na usiniletee mafumbo wala kile kicheko chako. Filimbi ile ulinitegea, au uliniwekea? Nataka neno moja, na una hadi Jumamosi, saa nne.

Mama Kulwa