Hukugonga Meza

Sham Shui Po, 12 Machi 1994

Mdogo wangu Lai-kuen,

Hujambo huko Vancouver? Mwanao na mkewe wazima? Sisi wazima, ila mimi situlii.

Nakuuliza bila kuzunguka: nimekukosea nini? Jumamosi ile ya kukuaga mkahawani nilikumiminia chai mara tatu, na mara zote hukugonga meza. Hata mtu baki tunayebanana naye mezani hugonga vidole viwili kushukuru! Kikapu cha siu mai, vidonge vya mvuke vya nyama ya nguruwe na kamba unavyovipenda, hukukigusa, ukasema umeshiba. Umeshiba nini asubuhi yote ile? Bo-chun, mwenzetu wa meza kila Jumamosi, akasema, "Huyu keshakuwa Mkanada, vitafunwa vyetu vya bei poa havimfai tena." Tulicheka, lakini mimi niliumia.

Miaka ishirini na sita tumeshona zipu benchi moja kiwandani. Nijibu, hata kwa matusi.

Dada yako Fung-ying

2 Mei

Lai-kuen,

U mzima? Mimi nimekonda kwa hasira. Jumamosi siendi tena mkahawani. Bo-chun ananichokoza kwenye simu: "Mwenzio kasafiri tu, wewe ndiye umekufa?" Juzi nilifika mlangoni, nikasikia harufu ya mvuke, nikageuza. Basi, siandiki tena.

Fung-ying

Vancouver, 9 Juni

Dada Ying,

Salamu nyingi kwako na kwa Bo-chun mwenye mdomo. Mwandiko huu ni wa mkwe wangu.

Mkono wangu wa kulia ulianza kufa ganzi Januari. Siku ile niliuficha chini ya meza, maana hata vijiti vya kulia visingeshikika. Mngejua, mngenizuia kupanda ndege, na mwanangu alishanikatia tiketi. Kwamba ningeweza kugonga kwa mkono wa kushoto, nilikumbuka nikiwa angani, mjinga mimi! Aprili upande wote ulilala. Barua zako nilisomewa hospitalini, nikalia. Daktari amenikataza kusafiri tena.

Rudi mezani, dada. Mle na siu mai zangu.

Mdogo wako Kuen

Sham Shui Po, 4 Julai

Kuen wangu,

Umeamkaje? Unakula? Tangu barua yako sikai wala silali. Nimejipiga kofi mbele ya Bo-chun, naye akaniongeza la pili.

Msamaha wa kwenye karatasi siuwezi. Viza nimepata, nafika tarehe kumi na tisa. Mkwe wako anunue nyama ya nguruwe, kamba, na sufuria ya mvuke. Bo-chun anasema nimewehuka, kuvuka bahari kwa ajili ya kitafunwa. Mwache aseme. Nimekupenda kuliko nilivyompenda mume wangu, na marehemu mwenyewe alilijua.

Dada yako Fung-ying