Sura ya Mvuvi Nisiyemjua

Tata,

Ni mimi, Koku, binti yako. Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike kibanjani Kanazi, na chumba chako cha kuchorea hapa mjini Bukoba bado nakifungua kila asubuhi. Sijui namfungulia nani. Siku hizi watu wanapeleka picha ya simu kwa wachapishaji wa mabango, na baada ya muda mfupi wanapewa sura kubwa kama mlango. Hata kwenye msiba wako, wewe uliyewachorea watu wa Kashozi marehemu wao miaka yote ile, mbele ya jeneza liliwekwa bango. Ni kosa langu. Nilishika brashi siku mbili nikuchore, mkono ukakataa.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja muuza dagaa kutoka visiwa vya Muleba. Mume wake alizama ziwani, mwili haukuonekana, na simu yenye picha zake ilizama naye. Alikuwa amesikia kwamba unaweza kumchora mtu kwa kusimuliwa tu. Nilipomwambia umefariki, akaniuliza, "Kwani wewe si mwanaye?"

Nikamkaribisha kiti.

Nikafanya ulivyonifundisha. Sikumuuliza pua ilikuwaje. Nilimuuliza alikuwa anachekaje, na akikasirika anakunja uso wapi. Nikamtazama mtoto aliyembeba mgongoni, nikaazima nyusi zake. Ulizoea kuniambia, "Koku, usikimbilie macho. Yasubiri." Niliyasubiri siku tatu. Nachora, nafuta, nachora. Siku ya nne nikayaweka tu, macho ya mtu yeyote, kwa sababu mama wa watu alikuwa anawahi boti.

Aliitazama ile picha muda mrefu. Hakulia. Akasema, "Ni mwanaume mzuri, dada. Lakini siye."

Nikataka kuichana. Akanishika mkono. Akasema ataondoka nayo hivyo hivyo, awaambie watoto kwamba huyu ndiye baba yao. Wa mgongoni ana miezi saba, hatajua. Wakubwa nao watasahau polepole, wataizoea. Akaifunga kwenye kitenge, akaenda zake.

Unamkumbuka yule bibi wa Maruku? Alipofika kuchukua picha ya mumewe, alisimama pale mlangoni akaiamkia kwa Kihaya, kama anamwamkia mtu aliyerudi safarini. Wewe ukageukia dirishani, ukajifanya unasafisha brashi. Nilidhani umeniachia kipaji hicho, Tata. Umeniachia brashi tu.

Kesho namrudishia mwenye nyumba ufunguo wake. Mama anasema nipumzike kwanza, nitarudia kazi moyo ukitulia. Namwitikia, ili naye apate usingizi. Wewe sitakudanganya. Ninachoweza kukuahidi ni kimoja: sitampa tena mtu macho ambayo si yake.

Pumzika, Tata. Huko kisiwani kuna mtoto atakayejifunza kumwita baba mtu ambaye hajawahi kuwepo, na aliyemchora ni mimi.

Mwanao,
Koku