Kitu cha Mkono Wako

Kimamba, Kilosa
16 Februari 1947

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye nampa shikamoo yake peke yake, asije akasema nimemfungia katika bahasha moja na wewe. Afya yangu ni njema. Homa ilinishika Dodoma ikaniacha kabla ya Kilosa. Natumaini goti lako limetulia na kwamba mvua za Isikizya hazikuwatupa.

Treni ilifuata karibu njia ile ya wapagazi uliyokuwa ukinisimulia. Mwendo uliomla Babu nyayo, sisi tuliusinzia. Hapa kazi yangu ni kukata majani ya mkonge, ambayo miiba yake haina adabu. Jioni nasokota singa, nyuzi za mkonge huo. Nimemfumia Mama kikapu. Anakileta Raymundi wa Kanyenye, ambaye mkataba wake umekwisha.

Wenzangu wananicheka. "Nunua kanga, tuma, ulale," husema Silasi, rafiki yangu, Mmoravian wa Sikonge. Nami nauliza, bila kukosa heshima, kama desturi yetu ya kutuma kitu cha mkono bado ina sababu katika siku hizi za posta na stempu.

Minza mwambieni namfumia mkoba. Mkataba ukiisha mwakani nitarudi tufunge ndoa baada ya mavuno.

Mwanao,
Damas


Isikizya
9 Machi 1947

Mwanangu Damas,

Marahaba. Sisi wazima, isipokuwa goti, ambalo sasa nalihesabu kuwa mmoja wa watu wa nyumba hii.

Kikapu kimefika, nami nimekikagua. Kitako kimekazwa vizuri. Ukingo ulifanywa na mtu mwenye haraka, lakini umekunjwa kwa namna yetu, na hivyo nilijua ni wako kabla Raymundi hajafungua mdomo. Mama yako alikizungusha mara kadhaa, akasema, "Kina tumbo kama mlevi wa Jumapili." Tangu hapo hakuna mwingine anayeruhusiwa kukigusa.

Umeuliza sababu. Ulisimuliwa utotoni, lakini naona nikuandikie ili usiifanyie mzaha tena. Limbu, ndugu wa baba yangu, alibeba pembe kwenda pwani, akafa kwa ndui Mpwapwa. Kiongozi wa msafara aliogopa kudaiwa fidia, basi kila msimu akawa anatuma kitambaa cha merikani: "Salamu za Limbu." Nyumbani walivaa nguo zile, wakapiga vigelegele, wakamtafutia Limbu mchumba. Walikuwa wakimshangilia maiti. Ukweli ulipofika, bibi yangu alizichoma nguo zote, akaweka sharti kwamba aliye safarini atatuma kitu alichokitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Nguo hutumwa na yeyote mwenye nguo. Barua nayo, mwanangu, huandikwa na yeyote mwenye kalamu.

Shilinde, baba yake Minza, alitutembelea kutoka Ziba. Alisema, kwa kicheko chake kile unachokijua, "Mkwe nilimchagua kwa mikono yake. Midomo hata mimi ninayo." Ng'ombe wa mahari amekwisha kuwapokea. Nami nimeanza kubandua gome la myombo niwatengenezee lindo, sanduku la kuwekea nguo zenu.

Baba yako,
Kornel Lugembe


Kimamba
22 Juni 1947

Baba mpendwa,

Shikamoo, na kwa Mama na goti lako vilevile. Mimi mzima, ila masikio yanavuma, sababu nitaieleza. Habari ya Limbu nimeisoma, na sitauliza tena.

Mkoba wa Minza ndio huu. Kamba ni ya ndugu yangu Modest, ya kumfungia dume lake jeusi. Ikikatika, kosa ni la dume. Nimehamishwa kutoka shambani kwenda kwenye mashine ya kuchakata mkonge. Majani huingia upande mmoja yakiwa mazito kama samaki na kutokea upande wa pili yakiwa nywele. Kelele zake haziruhusu watu wawili kusikilizana, kwa hiyo tunasema kwa ishara. Silasi hudai kwamba mimi nimezaliwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa maneno yangu hayana hasara yakipotea.

Shilinde amenifurahisha kuliko alivyokusudia. Mwambie mikono ipo.

Mwanao,
Damas


Isikizya
14 Desemba 1947

Mwanangu Damas,

Natumaini u mzima. Sisi tu wazima. Tangu Juni hatujapata neno lako. Modest akirudi kutoka posta ya Kanyenye, Mama yako hamwulizi tena. Hutazama mfuko wa baiskeli, kisha huingia jikoni.

Lindo limekwisha, bado kifuniko. Andika.

Baba yako,
Kornel Lugembe


Kimamba
11 Januari 1948

Baba mpendwa,

Shikamoo wewe na Mama. Mimi ni mzima wa afya, na natumaini nanyi mko salama. Nisameheni kwa kimya changu. Kazi imekuwa nyingi, ndiyo maana leo rafiki ananiandikia. Nimewatumia blanketi zuri la dukani, na kanga mbili, ya Mama na ya Minza. Kusuka kwa sasa sina nafasi. Mkataba wangu umeongezwa kidogo. Msiwe na wasiwasi wowote. Wasalimuni wote.

Mwanao,
Damas


Isikizya
1 Februari 1948

Kwa wewe uandikaye kwa jina la mwanangu,

Shikamoo yako siiitikii, kwa kuwa sijui ni ya nani.

Mwandiko wa barua ile si wa Damas. Wa Damas naujua, kwa sababu nilimfundisha mimi, nilipokuwa katekista hapa. Hilo ningelisamehe, kwani mtu huweza kuchoka. Lakini mwanangu asingetuma blanketi la dukani katika nyumba hii, akijua linavyosomeka. Hakuuliza kama mkoba ulimfaa mchumba wake. Hakuuliza lindo. Hakuniuliza goti, naye hajawahi kuniandikia bila kuliuliza au kulicheka. Jambo moja ni bahati mbaya. Haya yote pamoja yana maana, na maana hiyo ukoo wetu ulikwisha kuilipia.

Inawezekana wewe ni rafiki yake na unatuhurumia. Huruma ya namna hiyo tunaijua.

Ikiwa yu hai, na atume kitu cha mkono wake kabla ya Pasaka. Siombi kikapu. Kipande cha kamba cha urefu wa kidole, alichokisokota mwenyewe, kitatosha. Kisipofika, tutamfanyia yanayompasa marehemu.

Kornel Lugembe,
baba yake Damas


Kimamba
30 Mei 1948

Baba,

Shikamoo. Ni mimi. Anayeandika ni Silasi na anayesema ni mimi. Barua yako ya Februari nimeipata jana nilipotoka hospitali. Ilikuwa chini ya mkeka wake, kwa sababu hakutaka kuniletea habari za nyumbani nikiwa katika hali ile. Ananiuliza, "Na hilo la mkeka niliandike?" Nimemwambia aandike.

Agosti mwaka jana mashine ilinivuta. Jani lilikwama, nikalisukuma, likaenda na mkono wa kulia. Daktari aliukata chini ya kiwiko. Januari kidonda kilikuwa kimefunga, nikamsemea Silasi ile barua ya blanketi, kisha kikaoza, nikarudishwa hospitali mpaka jana.

Sikuwaambia kwa sababu ya neno la Shilinde. Desturi niliijua. Nilidhani mtaniona mvivu na kunikasirikia, nami nilichagua kuitwa mvivu kuliko kuitwa kilema kabla sijasimama mbele ya Minza nikamwambia mwenyewe. Sikufikiri kwamba mngenizika.

Ndani ya bahasha kuna kamba. Nimeisokota usiku kucha kwa mkono wa kushoto, na meno, na kidole cha mguu. Ni mbaya. Ukingo wetu unataka mikono miwili.

Goti lako likoje? Kifuniko cha lindo kimepatikana? Minza aliupenda mkoba? Usimwambie bado. Nikipata nguvu nitakuja.

Mwanao,
Damas


Isikizya
20 Juni 1948

Mwanangu Damas,

Marahaba.

Kamba nimeitazama kwenye mwanga. Ni mbaya kama ulivyosema. Pale singa zilipokwisha umechomeka nyingine bila kuzipishanisha kwanza, kosa nililokukataza tangu hujaota meno ya pili, na ambalo hukuliacha. Hakuna mtu wa kulibuni hilo. U hai.

Sasa nikueleze yaliyofanyika, kwa utaratibu wake. Pasaka ilipita. Karani wa kambi yenu, niliyemwandikia mara mbili, hakujibu. Tukakaa matanga, na Padri akasoma misa ya wafu. Mama yako alinyoa nywele. Shilinde alikuja akalia nasi, na baada ya siku kadhaa akauliza, kama ilivyo haki yake, "Niwarudishe ng'ombe, au mna mwana mwingine?" Minza alikataa. Alisema, "Nitamngoja mpaka mnionyeshe kaburi." Mimi ndiye niliyemketisha nikamsimulia habari za Limbu. Nilimweleza vizuri. Nilimweleza mpaka akaelewa.

Jumamosi ya tarehe 12 mwezi huu alifunga ndoa na Modest kanisani. Lindo wamepewa wao.

Barua yako ilikuwa imelala posta Kanyenye wiki ile ya harusi. Watu wetu walikwenda mjini kununua chumvi na mchele, wakapita mbele ya mlango wa posta. Hawakuingia, kwa kuwa hatukuwa tukitarajia barua ya mtu.

Niliichukua mimi mwenyewe baada ya harusi, na ajuaye ni mimi peke yangu. Ndoa ya kanisani haifunguliki. Hilo nililifundisha miaka mingi, na sina njia ya kulizunguka. Ukija, nitakupokea stesheni ya Tabora mimi mwenyewe, na nitawaambia wote kwamba kosa ni langu. Ukiamua vingine, nitatii.

Baba yako,
Kornel Lugembe


Kimamba
18 Julai 1948

Baba,

Shikamoo. Mwandiko huu mbovu ni wangu, wa kushoto. Haya sikutaka Silasi ayaandike.

Niliandika barua nyingine kabla ya hii, nikaichana. Ilikuwa na matusi. Sasa nimetulia kiasi cha kufikiri.

Nikija, Minza atakuwa mke wa ndugu yangu huku akiniona kila asubuhi njiani kwenda kisimani. Modest atakula chakula cha mkewe kama mwizi, naye hakuiba. Ataniomba radhi leo, na kesho ataona haikutosha, aniombe tena, mpaka mmoja wetu amchukie mwenzake. Wao walikubaliana kwa sababu nimekufa. Sababu hiyo isiondolewe chini yao.

Juu ya Mama nimefikiri zaidi kuliko juu ya wote. Lakini Mama hajui kuficha furaha. Akijua, ataimba akitwanga, na Minza ndiye anayetwanga naye. Mwache alivyo. Neno hili limenichukua siku nyingi kuliandika.

Modest ni ndugu yangu wa tumbo moja na sikumtumia chochote kwa harusi yake. Hiki ndicho ninachoweza kumpa. Usimwambie kuwa amepewa.

Nimewekwa kulinda lango la bohari. Mkono mmoja unatosha kufungua na kufunga. Niandikie wewe, Baba, hata mara moja kwa mwaka.

Mwanao,
Damas


Isikizya
5 Juni 1949

Mwanangu Damas,

Marahaba, ikiwa umenisalimu. Natumaini u mzima na kwamba bega halikusumbui wakati wa baridi. Mama yako ni mzima. Nywele zake zimeota, nyeupe zote.

Nimefanya ulivyoagiza. Ilipotimia mwaka tulisoma misa ya kukuombea. Nilikaa kiti cha mbele, nikajibu sala zote.

Minza alijifungua mwezi wa nne, mtoto wa kiume. Modest alinijia kwa adabu kuomba ruhusa ya kumpa jina lako, kama watu wafanyavyo kwa marehemu wao. Sikupata sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuisema. Sasa jina lako huitwa uani tangu asubuhi: Damas amelia, Damas amelala, Damas hataki uji. Mama yako ndiye hulitaja zaidi.

Imebaki habari moja. Macho yangu yanaingia ukungu. Barua hii nimeiandika kidogo kidogo, juani, na mistari siioni tena, ninaikisia. Daktari wa mjini amesema hakuna dawa. Kuanzia sasa atakayekwenda posta ni Modest, na atakayenisomea ni yeye. Barua itakayokuja kutoka Kimamba ataifungua mwenyewe na kuisoma kwa sauti, mkewe akiwa hapo hapo na mtoto.

Kwa hiyo usiandike. Ulizoniandikia nimezichoma. Ukiipata hii, usiijibu. Nitakihesabu kimya chako kuwa jibu.

Baba yako,
Kornel Lugembe